Tundu Katika Wimbo wa Baba

Mimi, Loïc, nilizaliwa nikijua gitaa. Mazoezi ni ya watu wenye vidole vizito. Hivyo ndivyo nilivyowaambia rafiki zangu wote wa mtaani kwetu Kinanira, mwezi wa sita mwaka 1998. Waliniamini, maana hakuna hata mmoja wao aliyejua kupiga.

Nyumbani tulikuwa watatu: mama, dada yangu Dévote, na mimi. Baba alikufa katika vita, miaka minne nyuma. Alituachia gitaa moja na wimbo mmoja alioutunga mwenyewe. Alikuwa anaupiga kila Jumapili baada ya kula, na Dévote anacheza mbele yake mpaka viatu vinamtoka.

Sasa Dévote alikuwa anaolewa. Asubuhi moja, akichambua maharagwe na mama, akaniita.

"Loïc, mi sina baba wa kunishika mkono niingie kanisani," akasema. "Nataka niingie na wimbo wake. We utapiga?"

"Hilo tu? Nitapiga nimefunga macho."

"Fungua tu, tutashukuru," akasema mama.

Zilibaki siku kumi na sita. Siku sita za kwanza nilicheza karata. Siku ya saba nikashika gitaa.

Ule wimbo una mahali pagumu, katikati, ambapo vidole vinaruka kutoka uzi hadi uzi. Nilifika pale nikajikwaa. Nikarudi mwanzo, nikapiga kwa haraka zaidi. Nikajikwaa palepale. Shuleni tulifundishwa Kifaransa, na kwa Kifaransa mazoezi ya muziki yanaitwa répétition, yaani kurudiarudia. Basi nikarudia. Nikapiga tangu chai ya asubuhi mpaka saa tisa, bila kupumzika, na kesho yake vilevile.

Nyuzi zenyewe zilikuwa taabu. Ulikuwa wakati wa vikwazo vya nchi jirani, bidhaa haziingii, na madukani hakukuwa na nyuzi za gitaa. Mi nilifumua waya wa breki ya baiskeli, nikafunga nyuzi zake kwenye gitaa. Zilikata vidole kama wembe. Kiganja kikawaka moto. Kidole kidogo kikafa ganzi. Nikajiambia kwamba maumivu ndiyo bidii.

Siku ya pili ya mazoezi, jioni, mama alikuwa anaosha sufuria huku anaimba wimbo wa baba kwa sauti ndogo. Alipofika katikati akajikwaa. Akarudi mwanzo. Akajikwaa tena, palepale.

"Mama, unakosea," nikamwambia.

"Apana," akasema. "Si ndivyo unavyoupiga?"

Mama alisikia wimbo ule kutoka mikononi mwa baba kwa miaka ishirini. Mi nilimharibia kwa siku mbili.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi uzi mmoja ukakatika, nikashuka mpaka mtaa wa Asiatique kwa fundi Tajudini kutafuta waya mwingine. Tajudini anatengeneza baiskeli, na harusi nyingi za mtaa wa Buyenzi ni yeye anayepiga gitaa. Nikamkuta ameinama juu ya beseni la maji. Nikaomba waya. Hakunipa. Alitazama mkono wangu.

"Mukono huu umefanya nini, mudogo wangu?"

Nikamweleza yote, isipokuwa habari za karata. Nilipotaja kurudia wimbo mzima kwa haraka, akacheka mpaka akaketi.

"Sogea, utazame," akasema.

Alichukua mpira wa ndani wa baiskeli, akautia majini, akaupitisha polepole kati ya vidole. Mahali pamoja, mapovu madogo yakapanda.

"Tundu liko hapa. Ningeupitisha haraka, ningeliona?"

"Apana, fundi."

"Na wimbo ni hivyo. Piga polepole mpaka uone povu. Halafu ziba pale tu, sauti nne au tano. Ukirudia wimbo wote na kosa lake, unajifundisha kosa. Vidole havijui kipi ni kizuri. Vinashika kile unachovipa mara nyingi."

"Na maumivu?"

"Mutu akiendelea kupanda baiskeli isiyo na upepo, anakula nini?"

"Janti," nikasema. Hata mimi najua kwamba gurudumu bila upepo huharibu chuma chake.

"Sasa we unakula janti ya mkono wako. Maumivu si bidii. Ni mwili unakuambia simama."

Akaniagiza nipumzishe mkono siku mbili nzima. Ganzi ikibaki baada ya hapo, nisirudi kwake, niende kituo cha afya, kwa sababu yeye anatibu baiskeli tu. Baada ya mapumziko, nipige kidogo mara tatu kwa siku, si mara moja mpaka nichoke. Kwanza nifungue na kufunga viganja, na mabega yalegee. Nilipomwambia kwamba sina saa, akauliza kama mama ana birika.

"Akiliweka jikoni, anza. Maji yakichemka, weka gitaa chini, hata kama mkono unataka zaidi."

Kisha akachukua waya mwembamba usio na kutu, akaupangusa kwa kitambaa, akanipa. Akaniambia nipunguze kidogo kijiti kinachobeba nyuzi, kwa sababu nyuzi zilizo juu sana zinavifanya vidole vipande mlima.

Nilipumzika siku mbili. Ganzi ikaondoka. Tangu hapo, mama akiweka birika kwenye mbabula, mi nakaa kwenye kigoda karibu na makaa na sauti zangu nne. Polepole, kama konokono. Nilihesabu kwa mdomo: moja, mbili, tatu, ruka. Birika likilia, mama anasema, "Maji yamechemka, Loïc. Weka gitaa chini." Siku ya tatu nikaruka bila kujikwaa. Siku ya nne, mama akichambua mchele, aliuimba wimbo wote mpaka mwisho. Wala hakujua kwamba nilikuwa namsikiliza.

Harusi ilifungwa saa nne asubuhi, ili wageni wawahi kurudi kabla ya couvre-feu, saa ya kutotoka nje usiku. Dévote akaingia. Nikapiga. Katikati nilipofika, vidole vikaruka vyenyewe, na dada yangu akafumba macho, akaendelea kutembea kama mtu aliyeshikwa mkono.

Baadaye, wageni wakinywa soda, rafiki zangu wa Kinanira wakanizunguka. Wakataka kujua nilifanyaje.

"Ni damu tu," nikawaambia, gitaa likiwa bado mapajani. "Mi mazoezi siyajui."

Nyuma yangu sauti ndogo ikaanza kuimba zile sauti nne, polepole, kama konokono. Moja, mbili, tatu, ruka. Sikugeuka. Niliijua.

"Maji yamechemka, Loïc," akasema mama.

Na mkono wangu, bila kuniuliza, ukaweka gitaa chini.