Kifaa cha Mikdad cha Kushukia Pangoni

Kila Alhamisi Ashatu husugua vyombo uani kwake, kijijini Fukayosi. Hutumia mchanga na majivu, na husugua kwelikweli. Sufuria zake hung'aa mpaka majirani humtania kwamba hana haja ya kununua kioo. Ashatu hufurahi sana kusikia hivyo.

Pamoja na sufuria, alikuwa akisugua kifaa cha kazi cha mumewe, Mikdad. Kifaa hicho kilikuwa cha aluminiamu, kinaenea kiganjani. Mikdad alikifunga kwenye mkanda wake wa kiunoni na kupitisha kamba ndani yake. Kifaa kiliibana kamba, naye akashuka taratibu ndani ya shimo la pango. Huko chini alichota mbolea ya popo, akawauzia wakulima wa mboga. Shimo lenyewe ni refu kama minazi miwili.

Kwa wiki tatu Ashatu hakuwa na raha. Mikdad alikuwa akirudi na viganja vimebabuka.

"Siku hizi kamba inanikimbiza," alisema Mikdad. "Nataka kwenda polepole, inakataa."

"Basi pumzika, Baba Adila."

"Mke wangu, wasiwasi umekuzidi."

Ni kweli ulimzidi. Binti yao Adila hakuwa hata na miaka miwili. Mikdad akiondoka, Ashatu hakula mpaka amwone amerudi.

Alhamisi moja Mikdad aliondoka asubuhi na mwenzake, Shuaibu. Hawajafika mbali, akaingia Mgeni, dada yake mdogo Mikdad. Mgeni hupaka rangi minara ya simu, akining'inia kwa kamba. Wiki hiyo kazi yao ilikuwa Msata.

"Wifi, kaka yangu umemficha wapi?"

"Nimfiche nimle? Ameenda pangoni," alijibu Ashatu. Akamweleza habari ya viganja na kamba.

Mgeni aliacha kucheka. "Kifaa chake ni cha aluminiamu?"

"Ndiyo. Nimekisugua leo alfajiri. Kinametameta!"

"Umekisugua kwa kitu gani?"

"Kwa mchanga. Kila Alhamisi, tangu mfungo sita, mwezi wa Maulidi."

Mgeni alitua chini kikombe cha chai aliyokaribishwa, akachukua begi lake. "Mwache mtoto kwa jirani. Twende, wifi. Upesi."

Walikwenda mbio. Khanga ilimvuka Ashatu mara mbili, hakujali. Alijua tu kwamba amekosea jambo, na hakujua ni kubwa kiasi gani.

Mikdad alikuwa ameketi ukingoni mwa shimo, miguu inaning'inia. Kamba ilikwishapita kwenye kifaa.

"Baba Adila! Usishuke!" Ashatu alipiga kelele.

Mikdad alikunja uso. "Umefuata nini huku? Hapa si mahali pa wanawake."

"Shikamoo kaka," alisema Mgeni, akihema.

"Marahaba."

"Rudi nyuma, kaka. Nipe hicho kifaa."

Mikdad alinung'unika, lakini alirudi nyuma. Mgeni alipitisha ukucha pale kamba inapopita. Kisha akaushika mkono wa Ashatu, naye apapase. Palikuwa na mfuo mrefu, na ukingo wake ulikuwa mkali kama kisu. Aluminiamu ilikuwa imelika karibu nusu, haikuweza tena kuibana kamba sawasawa. Kamba nayo ilikuwa imeota manyoya.

Ashatu aliketi chini, akalia. "Ni mimi. Nimekaribia kumuua mume wangu kwa mikono yangu."

"Si wewe peke yako," alisema Mgeni. "Mchanga wako umekula kidogo. Aliyekula zaidi ni kamba. Tazameni, imejaa tope la pangoni. Tope lina mchanga ndani. Kamba ya namna hii ni msasa. Lakini kwa kukisugua, ulifuta alama zote. Mkakiona kinang'aa, mkadhani ni kizima."

Shuaibu alikuna kichwa. "Kwa hiyo aluminiamu haifai?"

"Inafaa. Ni nyepesi, na inapoa haraka. Kama kamba ni safi, inadumu. Ila ni laini." Mgeni alitoa kifaa kingine begini. "Hiki ni cha stenlesi, chuma kisichoshika kutu."

Mikdad alikipima mkononi. "Kizito hiki!"

"Kizito, lakini kigumu. Tope litachukua muda mrefu kukila. Kasoro yake ni moto. Ukishuka kwa kasi kinachemka, na hakipoi upesi. Moto huo unaweza kuharibu kamba. Kwa hiyo shuka polepole. Ukifika, itoe kamba mara moja, isikae juu ya kitu cha moto."

"Basi nipe nishuke nacho."

"Leo hushuki. Kamba hii haina kazi tena ya kubeba mtu. Na kifaa hiki utajifunza kwanza nyumbani, karibu na ardhi."

Mikdad alitaka kubisha. Alimtazama mkewe, akaikunja kamba.

Walinunua kamba mpya. Mikdad alifanya mazoezi wiki nzima kwenye boriti, futi tatu kutoka chini, Adila akimcheka. Kila jioni kamba ilifuliwa kwa maji matupu na kuanikwa kivulini. Kifaa kilioshwa kwa kitambaa laini. Viganja vya Mikdad vilipona.

Siku hizi Ashatu huenda pangoni pamoja na Mikdad na Shuaibu. Hupapasa kifaa kwa ukucha, kisha huipitisha kamba yote mikononi, pima kwa pima. Asiposema "haya", Mikdad hashuki.

Mwezi uliopita vidole vyake vilisita pahali kwenye kamba palipokuwa laini kama ndizi iliyoiva, nyuzi za ndani zimekatika. Wakulima wawili walikuwa wanasubiri mbolea yao, na jua lilikuwa limepanda.

"Hapana," alisema Ashatu.

Mikdad alifungua mkanda kiunoni, akamrudishia Shuaibu magunia matupu.

"Mmesikia," aliwaambia wakulima. "Leo hakuna mbolea."

Ashatu, Mikdad na Shuaibu wakaenda zao nyumbani, wote watatu.