Alama Kumi na Mbili za Lorraine

Kila Jumamosi Lorraine aliandamana na mama yake, Leonida, hadi karakana moja mtaani Pioneer, mahali ambapo simu na kompyuta kuukuu zilifunguliwa ili vyuma vyake vitumike tena. Mama alishika bisibisi, naye Lorraine alikuja na maswali. Aliuliza mpaka watu wakachoka kujibu.

Muhula huu palikuwa na jambo jipya la kuuliza. Fundi Nangila, msimamizi wa karakana, alikuwa ameleta roboti: mkono wa chuma uliofungwa mezani, wenye kamera na ncha nyembamba ya kubandulia. Leo ungejaribiwa kwa simu ishirini za aina moja. Lorraine alipewa kazi ya kufungua kifuniko cha kila simu, kutazama betri ilipo, kisha kuiwekea alama kwenye kompyuta.

Alifungua nane. Zote betri ilikuwa katikati. Hamu ya kuona mkono ule ukifanya kazi ikamzidi, naye akazipa zile kumi na mbili zilizobaki alama ile ile bila hata kuzigusa.

"Umemaliza zote?" Nangila aliuliza.

"Zote, Auntie."

Roboti ikaanza. Ilifungua skrubu ndogo kama punje za wimbi, ikabandua kioo, ikasukuma simu kwa Mama, aliyeketi karibu kupokea betri. Lorraine alisahau kupepesa macho.

"Inajuaje betri iko wapi?" aliuliza.

"Haijui," Nangila alijibu. "Kamera inatambua skrubu tu. Kuhusu betri, inafuata alama zako."

"Na alama ikikosea?"

"Ncha itatoboa betri, na betri ikitobolewa inaweza kulipuka moto. Aliye karibu ndiye ataungua."

Aliyekuwa karibu ni mama yake.

Simu ya saba ilikuwa imeshaingia. Lorraine aliwakumbuka mafundi wa simu mjini: mteja akikosa betri ya simu yake, fundi humtilia ya simu nyingine, akaibana popote kwa kipande cha katoni. Hata simu yao ya nyumbani ilitengenezwa hivyo. Akisema ukweli, huenda asiruhusiwe tena kuikaribia roboti.

"Auntie, izime," alisema. "Kumi na mbili sikuzifungua. Nilikisia tu."

Nangila akabonyeza kitufe chekundu. Wakaanza kuzifungua pamoja, moja moja. Ya tatu kati ya hizo ilikuwa na betri ngeni, imesukumwa pembeni, pale pale ambapo ncha ingepita. Mama aliitazama, kisha akamgeukia binti yake.

"Lorraine," alisema tu. Lorraine akalia.

Nangila alimngoja anyamaze.

"Mashine haina aibu," akamwambia. "Ukiidanganya, itautekeleza uongo wako bila kusita. Wewe ulisita, ukasema, ingawa ulijua utapoteza kitu. Mpaka muhula ujao roboti utaitazama ukiwa dirishani. Lakini leo mama yako anarudi nyumbani mzima. Haya, leta simu ya nne. Fungua, tazama, ndipo uniambie."