Miche Ishirini ya Aina Moja

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimwagilia vichaka vya bluberi, yale matunda madogo ya buluu, vilivyokuwa nyuma ya nyumba ya shangazi yake. Jina la Chiriku alipewa kwa sababu ya mdomo, maana tangu anapopiga mswaki mpaka anapopanda kitandani alikuwa akiongea tu. Lakini wiki ile alibeba ndoo zake kimya kimya.

"Leo umemeza ulimi?" shangazi alimuuliza.

"Nina usingizi tu, Shangazi."

Usingizi wapi! Kilichomziba mdomo kilikuwa pale pale mbele yao. Vichaka vyote ishirini vilikuwa vimechanua mpaka majani hayaonekani. Sasa maua yalikuwa yamepukutika, na matunda yaliyobaki yalikuwa ya kuhesabika, mengine madogo kama punje za pilipili manga.

Shangazi alishika kiuno, akatazama mizinga mitano iliyopangwa mpakani. "Mfuga nyuki aliniomba nafasi hapa, akaniahidi nyuki wake hawataruka ua hata moja. Angalia mambo yake! Leo leo atanieleza."

Chiriku aliinama kuokota ndoo. Ukweli aliujua yeye peke yake.

Miaka miwili nyuma, alipokuwa na umri wa miaka kumi, alikwenda na shangazi kwenye kitalu cha miche. Mtunza kitalu aliwaeleza taratibu kwamba bluberi ya aina moja ikiwa peke yake huzaa kidogo. Anayetaka matunda mengi na makubwa hupanda aina mbili zinazochanua wiki zile zile, mstari huu aina hii, mstari ule aina ile. Hapo nyuki hubeba chavua, ule unga wa maua, kutoka aina moja hadi nyingine. Shangazi akachagua aina mbili, moja ya lebo nyekundu, nyingine ya lebo ya njano. Akamtuma Chiriku na toroli achukue kumi kumi, huku yeye akiendelea kuuliza habari za udongo.

Miche ya lebo ya njano ilikuwa mwisho kabisa wa kitalu, na njia yake ilikuwa tope tupu. Chiriku alikuwa amevaa viatu vipya. Alitazama tope, akatazama viatu, akajaza toroli miche ishirini ya lebo nyekundu. Kisha akachukua lebo kumi za njano zilizokuwa mezani, akazifunga kwenye nusu ya miche ile. Shangazi akamsifu kwa wepesi wake. Sifa zile alizipokea bila haya!

Jioni aliporudi kutoka shule, aliwakuta shangazi na mfuga nyuki wamesimama mpakani.

"Mzee wangu, niambie kweli, nyuki wako umewapulizia dawa gani?" shangazi alikuwa akifoka.

"Dawa, mama? Nyuki hawa nawalea kama watoto. Nimewaona kwa macho yangu wakihangaika kwenye maua yako kutwa nzima."

"Wamehangaika na nini, kama matunda hakuna? Ondoa mizinga yako, tafadhali."

Mzee yule alivua kofia yake ya wavu, akaikunjakunja mikononi. "Haya. Kesho asubuhi nitaihamisha. Ila sijui nitaipeleka wapi."

Alipogeuka alimwona Chiriku.

"Shikamoo, Babu," Chiriku alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mjukuu wangu. Shule mlisoma vizuri?"

Afadhali angemfokea. Upole ule ulimchoma kuliko kiboko. Jioni alisukuma sahani ya chakula pembeni, na shangazi alipomgusa paji la uso kuona kama ana homa, dhamiri ilimsuta zaidi. Alijiambia atasema kesho. Halafu akakumbuka kwamba kesho ndiyo mizinga inaondoka.

Asubuhi alimkuta mzee akiziba milango ya mizinga kwa nyasi, tayari kuipakia kwenye mkokoteni. Mzinga mmoja ulikuwa umeshafungwa kamba. Shangazi alikuwa mlangoni, amekunja mikono. Chiriku akapiga moyo konde.

"Babu, usihame! Nyuki hawana kosa. Kosa ni langu!"

Akaeleza yote, tope, viatu, lebo, huku machozi yakimtiririka. Shangazi alisogea mpakani polepole.

"Mzee wangu, nimekuvunjia heshima bure," alisema. "Niwie radhi."

"Yameisha, mama," mzee alijibu, akaanza kuzibua mizinga.

Ndipo shangazi akamgeukia Chiriku. "Ungeniambia siku ile, tungerudi kitaluni, basi. Ulikuwa mtoto, uliogopa tope. Lakini jana ulisimama hapa ukanisikiliza nikimdhalilisha mtu mzima, ukanyamaza. Hilo ndilo lililoniuma."

Chiriku alikwenda kwenye mzinga uliofungwa, akaanza kufungua kamba.

Siku hiyo hiyo walikwenda kitaluni. "Vichaka vyenu vilichanua lini?" mtunza kitalu aliuliza, akiwaonyesha miche ya lebo nyeupe na ya njano. Chiriku, ambaye alivimwagilia kila siku, alitaja wiki yenyewe. "Basi hii ya lebo nyeupe muiache, huchelewa mwezi mzima. Ya njano ndiyo itakayokutana na yenu." Chiriku alibeba miche kumi, mmoja mmoja, na mashimo ya kuipandia kati ya mistari aliyachimba mwenyewe mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Msimu uliofuata, aina zote mbili zilichanua pamoja, na nyuki hawakujua waanzie wapi. Matunda yakavimba, yakawa ya buluu iliyokolea. Shangazi alimwita mfuga nyuki aje wachume pamoja.

"Mjukuu wangu, mbona umenyamaza tena?" mzee aliuliza.

"Nikikuona, Babu, bado naona aibu."

Mzee alitazama tunda lililokuwa kiganjani mwake, kisha akamtazama Chiriku.

"Usiifukuze," alisema. "Mwaka jana ilikuja ukaikataa, na mimi nikakaribia kukosa pa kuweka nyuki wangu. Siku nyingine ikikujia kabla hujasema uongo, isikilize hapo hapo."