Uchunguzi wa Bomba la Maktaba

Kila Jumatatu, kabla ya kengele ya kwanza, wanafunzi wa darasa la saba walipokezana kufagia maktaba ya shule. Zamu hiyo hakuna aliyeipenda, kwa sababu mkutubi alikuwa mama mkali kama pilipili, ambaye watoto walimbandika jina la Bi Kimya. Alizoea kuvuta masikio na kuwaita watoto wa watu mbumbumbu mbele ya wenzao. Tuseme ukweli, hakuwa mtu wa kupendeka.

Jumatatu hiyo zamu ilikuwa ya Chiriku, msichana wa miaka kumi na miwili, aliyepewa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haukuwa na breki. Alichukua ufunguo ofisini, akafungua mlango, na maji yakamfika vifundoni. Vitabu vya rafu za chini vilikuwa vimevimba. Kwenye sinki la kona, ambalo tundu lake lilikuwa limeziba siku nyingi, bomba lilikuwa likimwaga maji kwa nguvu zote.

Chiriku alikimbilia bomba akalifunga, kisha akakumbuka. Ijumaa mchana alikuwa amekwenda kwenye sinki lile lile kunawa wino. Alizungusha bomba, lakini maji yalikuwa yamekatika mtaa mzima, kwa hiyo alijifuta kwenye sketi na kuondoka. Kulifunga hakukumbuka.

Kufikia saa nne, shule nzima ilikuwa imeshampata mkosaji.

"Ni Bi Kimya! Si ndiye anayefunga mlango?"

Kiranja wa darasa, aliyekuwa na kinyongo na mkutubi tangu darasa la nne, alichana karatasi kwenye daftari lake akaandika: "Sisi tuliotia sahihi hapa chini tulimwona mkutubi akiacha bomba wazi siku ya Ijumaa." Karatasi ikazunguka dawati hadi dawati.

"Mimi Ijumaa sikuja shule," mmoja alinong'ona.

"Kwani unamwonea huruma?" kiranja alimkemea. "Tia sahihi, tumalizane naye!"

Chiriku alitia sahihi ya thelathini na nane.

Mwalimu mkuu alimwambia mkutubi akae nyumbani mpaka kamati ya shule ikutane Jumatano. Habari zikaenea kwamba Bi Kimya anamwaga unga. Alipokatiza uwanjani na mkoba wake, watoto walimzomea, na Chiriku naye akazomea ili asionekane wa ajabu.

"Zomeeni!" mama yule aliwageukia. "Zomeeni mpaka makoo yapasuke! Sina haja na huruma yenu."

Jumanne jioni, mama yake Chiriku aliiweka karatasi ile mezani. Yeye alikuwa karani wa mahakama, na pia katibu wa kamati ya shule.

"Sahihi thelathini na nane," alisema. "Maktaba yenyewe inaingia watoto ishirini wakibanana. Wengine mlichungulia kutoka darini?"

"Tulimwona, mama."

"Wewe, kwa macho yako?"

"Ndiyo."

Mama hakupandisha sauti, na hilo lilimtisha Chiriku kuliko kofi. "Basi nikwambie kazi yetu ya mahakamani ilianzaje. Miaka kama mia tisa iliyopita, wafalme wa Uingereza walikuwa wakituma maofisa vijijini. Ofisa alikuwa mgeni, hajui shamba ni la nani wala marehemu amekufaje. Akawaita majirani, akawaapisha, akawauliza wanachokijua. Huo ndio ulikuwa uchunguzi. Baadaye sana ndipo watu wa namna hiyo wakawa baraza la kusikiliza ushahidi wa wengine. Nchi nyingi zimerithi sheria ile, na yetu imo. Lakini swali halijabadilika: unajua nini, na umejuaje?"

"Na wakidanganya je?"

"Waliadhibiwa. Lakini asiye na hatia anakuwa ameshaumia. Kesho mtaitwa mmoja mmoja. Hapa mimi ni mama yako, kule ni karani. Usije ukanitafuta kwa macho."

Jumatano, watoto waliingia ofisini kwa mwalimu mkuu kwa kufuata mpangilio wa sahihi zao, kisha wakatolewa kwa mlango wa nyuma wasije wakanong'onezana. Chiriku aliitwa wa mwisho. Mwenyekiti wa kamati, fundi seremala mwenye sauti nzito, aliketi katikati. Mama aliandika bila kuinua kichwa. Bi Kimya alikuwa kwenye kona, akimtazama kwa macho makavu.

"Wenzako wote wamekiri waliambiwa tu," alisema mwenyekiti. "Na wewe? Uliona, au uliambiwa?"

Njia ya kutokea ilikuwa wazi. Neno moja, "niliambiwa," lilitosha.

"Kama hakuna aliyeona," mwenyekiti aliongeza kwa uchovu, "basi mwenye ufunguo ndiye atakayebeba mzigo. Hatuna la kufanya."

Chiriku alimtazama mwenyekiti. "Sikuona na wala sikuambiwa. Ni mimi niliyeliacha wazi. Maji yalikuwa yamekatika."

Kalamu ya mama ilisimama, kisha ikaendelea.

"Mnafiki mdogo wewe!" Bi Kimya aliruka kitini. "Na ukanizomea!"

"Nilikuzomea, mama. Nisamehe."

"Sikusamehi!"

Mkutubi alirudishwa kazini siku hiyo hiyo. Watoto wote thelathini na wanane waliamriwa kukausha vitabu kila alasiri mpaka viishe, na mwenyekiti akaahidi kuzibua sinki. Darasani Chiriku aliitwa msaliti, na kiranja hakumsemesha mpaka muhula ukafungwa.

Jioni walipofika mlangoni kwao, mama alisimama.

"Mkutubi ni mkali kupita kiasi," alisema. "Hilo nitalipeleka kwenye kamati waziwazi, kwa jina langu. Lakini kumchukia mtu si ushahidi, mwanangu. Ukiitwa kusema unachokijua, sema hicho hicho, hata kama kinakuangukia wewe. Jana ulinidanganya, na hilo bado linaniuma. Leo ulisema kweli wakati uongo ulikuwa rahisi zaidi, na hilo nimeliandika."

Kesho yake alasiri Chiriku alikuwa wa kwanza kufika maktabani. Alisimama mbele ya meza ya mkutubi.

"Shikamoo, mama. Bado hujanisamehe?"

"Marahaba. Bado," alijibu Bi Kimya, akimsukumia rundo la vitabu vilivyolowa. "Kaa hapa karibu yangu. Na uvipanguse ukurasa kwa ukurasa."