Spika Kubwa ya Gerezani

Haya yalimkuta rafiki yangu Fikirini, aliyekuwa na hoteli ya chai Kariakoo, miaka ile ya foleni za sukari. Wateja wake wote walikuwa wamehamia hoteli ya jirani yenye muziki. Alipoona maji yamemfika shingoni, akaenda mtaa wa Gerezani kwa fundi Pantaleo kutafuta spika.

“Chukua hii ndogo, ndugu yangu,” Pantaleo akamwambia. “Ile kubwa mimi mwenyewe sijaizoea.”

“Ndogo haitasikika barabarani,” Fikirini akasema, akajitwika ile kubwa.

Jioni, akiwa amesimama juu ya kiti anaifunga ukutani, umeme ukakatika mtaa mzima. Waya alikuwa bado ameushika mkononi, hajauunganisha popote. Hata hivyo spika ikaanza kunguruma, kisha zikatoka sauti za hoteli iliyojaa: vijiko vikigonga vikombe, watu wakicheka na kuagiza chai. Mwingine angetimua mbio. Fikirini, aliyechoka kutazama viti vitupu, machozi yakamlengalenga.

“Karibuni, jamani,” akasema gizani. “Nafasi zipo.”

Spika ikanyamaza. Kisha pale chini kiti kikaburutwa sakafuni, kikafuata kingine, na kingine, mpaka hata kile alichokuwa amesimama juu yake kikavutwa taratibu.