Kiti Kimoja cha Bwana Besi

Adhuhuri ya Jumamosi duka la vyombo vya umeme lilikuwa limefurika watu, na katikati ya njia alikuwa amepiga magoti mwanamume mzima, shati limenyooka, macho kayafumba, sikio kalibandika kwenye spika. Fundi wa mapazia alikuja kununua balbu ya cherehani tu. Kwa sababu ya jora la kitambaa begani, hakuiona miguu ya yule bwana. Akajikwaa.

"Kaka, kama unasali, hapa si mahali pake."

"Shh! Dada, sikia hiyo besi."

"Ninachosikia ni goti langu linavyouma."

Akacheka. Alikuwa na meno mazuri. Fundi alikubali hilo shingo upande. Akambebea jora mpaka kituo cha basi, na njia nzima akamweleza tofauti ya waya mnene na waya mwembamba. Fundi alimdharau papo hapo, akampa jina la Bwana Besi. Akampa na namba ya simu. Moyo hauna adabu.

Simu zikaanza.

"Fundi wangu, umeamkaje?"

"Salama. Wewe umelala na waya?"

"Waya hazinigombezi kama wewe, mpenzi."

Baada ya miezi minne bwana alimwalika kwake. Fundi alivaa gauni la zambarau alilolishona kwa mikono yake, na kabla ya kutoka alisali, akamwomba Mungu amwonyeshe kama huyu ndiye.

Mungu alimwonyesha upesi. Sebule ilikuwa na sakafu tupu ya vigae. Madirisha yalikuwa uchi, tusi kwa kazi yake. Spika mbili zilisimama kama walinzi wa benki, na mitambo ilipangwa mpaka usawa wa kifua. Kilikuwapo kiti kimoja tu, na miguu yake minne ilikuwa imewekewa alama za utepe sakafuni ili kisisogee hata ukucha.

Bwana Besi akakikalia. Fundi akasimama. Wimbo ukaanza; kabla ubeti wa kwanza haujaisha, bwana akainuka, akabonyeza kitufe, akaweka mwingine. Kisha mwingine.

"Unasikia?"

"Nasikia vipande."

"Mpenzi, sogea kidogo, upande ule. Gauni lako linameza sauti."

Fundi akachukua mkoba wake, akaondoka.

Wiki iliyofuata simu ikaita. "Nimelitambua kosa langu, mpenzi."

"Enhe?"

"Amplifaya. Sauti yake ilikuwa kavu mno. Nimebadilisha, njoo usikie."

Akamkatia. Wiki ya pili kosa likawa waya. Shangazi aliyemlea, akipinda pindo la pazia karibu naye, aliuliza, "Huyo ni mgonjwa au mjinga?"

"Vyote, shangazi."

"Na unampenda."

"Ndiyo aibu yenyewe."

Mara ya tatu alikuwa amebadilisha spika zenyewe.

"Bwana Besi, una miaka mingapi ukibadilisha?"

"Kumi na mmoja."

"Umeridhika?"

"Bado kidogo tu."

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Wapi, lini?"

"Nyumbani kwako, siku zote. Una kiti kimoja."

Upande wa pili, mitambo ikazimwa.

Siku ya tisa baada ya simu hiyo akatokea mlangoni mwa karakana, shati limekunjamana. "Nataka mapazia."

"Dirisha lina upana gani?"

Mtu aliyejua masafa ya spika zake kwa ukucha akatanua mikono kama anayesimulia habari za samaki. Fundi akasonya, akachukua futi yake ya kupimia, akamfuata.

Sebuleni mitambo ilikuwa imeondoka. Zilibaki spika mbili na amplifaya moja iliyochubuka pembe.

"Ndiyo ya kwanza niliyoanza nayo," alisema. "Nyingine nimeuza. Sikumbuki hata kwa nini niliichoka hii."

Mbele ya spika palikuwa na kochi la watu wawili. Alama za utepe za kile kiti bado zilikuwepo sakafuni, na katikati yake ndipo mito miwili ya kochi ilipokutana.

"Sauti nzuri kabisa inatua hapo katikati," alisema.

"Kwa hiyo sote tunapata ya pembeni?"

"Ya pembeni inanitosha. Fundi wangu, naomba nikuoe."

"Weka wimbo kwanza. Uishe."

Akakaa mwisho mmoja, bwana mwisho wa pili. Pale katikati, mahali palipotafutwa kwa miaka kumi na mmoja, fundi akaweka mkoba wake wenye mkasi na bobini za uzi.

Wimbo ukaanza. Kwenye ubeti wa pili madirisha matupu yakarudisha mwangwi mbaya. Bwana akakunja uso, mkono ukanyooka kuelekea kwenye kitufe. Fundi alimtazama huku akiomba kimoyomoyo. Mkono ukasita, ukarudi, mwenyewe akaukalia.

Wimbo ukaisha. Ulikuwa wa kwanza kuisha katika nyumba ile.

Fundi akauchukua mkoba, akauweka chini.

"Sogea kidogo," alisema. "Upande huu."