Kivuko cha Akiba

Kila Jumatatu na Alhamisi, kinyozi aliamka mapema kuliko siku nyingine. Alimvalisha mke wake sweta, akamkalisha kwenye kiti cha magurudumu, akamsukuma mpaka gatini. Figo za mke wake zilikuwa zimechoka. Ilibidi avuke maji kwenda hospitali ya ng'ambo kusafishwa damu kwa mashine. Kivuko kiliondoka saa moja. Dada wa kinyozi alimpokea upande wa pili.

"Unanisukuma kama mkokoteni wa viazi," mke alisema kila walipofika penye mashimo.

"Viazi havina mdomo," kinyozi alijibu.

Alhamisi moja walikuta umati gatini. Kivuko kilikuwa kimelala kimya. Injini ilikuwa imekufa, na chombo kingine hakikuwepo. Walingoja mpaka adhuhuri, wakarudi nyumbani. Ijumaa hali ikawa ile ile. Jumamosi, kivuko kilipopata nguvu, mke wake alikuwa amevimba uso na miguu. Hakuweza kumaliza sentensi bila kuhema.

"Mngechelewa siku moja zaidi..." muuguzi wa ng'ambo alisema, akiwahi kuandaa mashine.

Hazikupita wiki mbili, tangazo likabandikwa gatini. Serikali ilikuwa inatafuta mtoa huduma wa akiba, yaani mwenye chombo kitakachoingia kazini mara kivuko kinapoharibika. Wakazi waliitwa mkutanoni kutoa maoni.

Kaka wa mke wake alikuwa na boti ya mizigo. Watu walimwita Haraka, maana hata chai aliinywa amesimama. Alikuja mbio.

"Shemeji, simama mkutanoni unisemee. Wakinipa leo, kesho naanza! Wageni wa nini, na sisi tupo?"

"Nitasema," kinyozi akaahidi. Damu nzito kuliko maji.

Siku iliyofuata, mkaguzi wa vyombo vya majini alikuja kupunguza nywele. Alikuwa mama mpole, mteja wa siku nyingi. Kinyozi alimfunga shuka shingoni, akamweleza habari za Haraka.

"Anaruhusiwa kuomba kama wengine," mkaguzi alisema. "Ila nikuulize. Alhamisi ile, boti yake ilikuwa wapi?"

Mkasi ukasimama. "Ilikuwa safarini. Imebeba saruji."

"Unaona? Chombo cha akiba lazima kipatikane siku ya shida. Ndiyo maana mkataba unasainiwa kabla, injini ikiwa bado nzima. Unataja muda. Tukimpigia simu, ndani ya saa tatu awe gatini."

"Na mnamchaguaje? Mkubwa akimpenda mtu?"

Mkaguzi akacheka. "Hapana. Zabuni inatangazwa, kila mwenye chombo anaona. Masharti yanaandikwa wazi. Tunakagua chombo: injini, bima, vyeti vya mabaharia, majaketi ya kujiokolea ya abiria wote. Nauli isipande kwa sababu watu wamekwama. Kisha kinafanya safari ya majaribio kwenye gati lenu. Kamati inampa kila mwombaji alama, na matokeo yanabandikwa. Asiyeridhika anakata rufaa."

"Sasa sisi maoni yetu ya nini?"

"Kinyozi, wewe ukikata nywele bila kumuuliza mteja, itakuwaje? Masharti yanatokana na mahitaji yenu. Msiposema nani anavuka na anavukaje, sisi tutajuaje?"

Jioni ile kinyozi alikwenda kuitazama boti ya Haraka. Aliiona kila siku, lakini hakuwahi kuitazama. Sakafu yake ilikuwa chini kuliko gati kwa kimo cha mtoto. Vibarua walikuwa wanaruka kuingia. Akafikiria kiti cha magurudumu. Akajaribu kumfikiria mke wake akiruka. Akarudi nyumbani pole pole.

"Nimemuahidi kaka yako," alimwambia mke wake.

"Kaka yangu nampenda," mke alijibu. "Lakini mimi si saruji."

Mkutanoni, Haraka alikaa mbele, akitabasamu. Zamu ya kinyozi ilipofika, alisimama.

"Mimi simsemei mtu," alianza. "Naomba liandikwe sharti moja. Chombo kiwe na mlango unaolala sawasawa na gati, ili mgonjwa aingie na kiti chake. Na Jumatatu na Alhamisi, safari ya saa moja isikosekane."

Haraka akageuka kumtazama. Halafu mama mmoja akainuka akataja wajawazito. Mwalimu akataja siku za mitihani. Karani aliandika mpaka kalamu ikaisha wino, akaazima nyingine.

Haraka alitoka bila kuaga. Mwezi mzima hakukanyaga kwa dada yake.

Waombaji walikuwa wanne. Boti ya Haraka haikupita, na aliandikiwa kasoro zake zote. Aliyeshinda alikuwa na kivuko kidogo bandari ya jirani, chenye mlango mpana. Siku ya majaribio mlango uligota kwenye gati, hivyo akatakiwa aurekebishe kwanza ndipo asaini.

Siku moja Haraka alibisha hodi, karatasi mkononi.

"Shemeji, uliniumiza," alisema. "Lakini hii orodha nimeisoma. Majaketi sikuwa nayo ya kutosha hata kwa vibarua wangu. Sasa ninayo. Kuna zabuni ya mizigo, nimeomba."

"Kaa kwanza," dada yake alisema. "Leo chai utainywa umekaa."

Miezi saba baadaye, Jumatatu asubuhi, kivuko kikubwa kilikohoa mara mbili kikazima. Kinyozi alitazama saa yake. Mke wake akamshika mkono. Msimamizi wa gati alikuwa tayari kwenye simu.

Saa tatu na nusu asubuhi, muda wa mkataba ukiwa haujaisha, kivuko kidogo kilitia nanga. Mlango wa chuma ulilala juu ya gati, sawasawa. Kiti cha magurudumu kikapita bila hata kuinuliwa. Nauli ilikuwa ile ile.

Saa tano simu ya kinyozi iliita.

"Nimeshawekwa kwenye mashine," mke wake alisema. "Muuguzi anashangaa. Amesikia kivuko chetu kimeharibika, anauliza nimevukaje."

"Umemjibuje?"

"Nimemwambia tuna viwili."